Mwenyeji wa Kitwitwi

Mvua za vuli zikishika Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, macho ya watu wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale huwa shambani na barabarani. Maharagwe lazima yawahi udongo ungali laini, na njia ya kwenda Mbarara ikishalowa, dereva wa takisi husitasita hata kama viti vimejaa. Kati ya Septemba na Desemba ni wachache wenye nafasi ya kwenda ukingoni mwa ziwa kutazama tu. Na ndio wakati ambao ukingo wa ziwa unajaa wageni.

Wametoka mbali. Huko Finland, Sweden na Urusi, mwisho wa vuli ni majira ya giza: siku zimefupika, wadudu wamekwisha, na vinamasi vya misituni vimeanza kuganda. Ndege waliototolewa kwenye vinamasi hivyo mwezi Juni wamekwisha kuivuka Sahara, wengi wao usiku, na sasa wanatembea juu ya matope ya Ziwa Nakivale wakitafuta chakula. Wa kwanza hufika tangu Agosti. Ikifika Novemba, ukingo una watu wawili watatu wanaoteka maji, ng'ombe wanaokunywa, na katikati yao ndege ambao karibu hakuna anayewauliza habari za safari.

Ukitaka kuwajua, anza na mmoja. Anza na kitwitwi yule mdogo anayekaa peke yake. Mgongo wake una rangi ya udongo uliolowa, tumbo ni jeupe pe, na weupe huo hupanda kidogo mbele ya bega, ukaingia kati ya kifua na bawa. Hiyo ndiyo alama yake hata kwa mbali. Uzito wake ni gramu 50 hivi, pungufu ya yai la kuku wa kizungu. Hatulii. Akitembea, akisimama, akidonoa, sehemu yake ya nyuma inapanda na kushuka muda wote. Ukimkaribia kupita anavyopenda, huruka chini kabisa juu ya maji, mabawa yamekakamaa na kuinama, anayapiga kwa mkupuo mfupi, anateleza hewani, anapiga tena, huku akilia kwa sauti nyembamba. Kisha anatua mbele kidogo na kuanza upya kutikisa mkia.

Asubuhi moja nilikaa kumtazama mmoja karibu na Base Camp, sehemu mojawapo ya makazi, mahali ng'ombe wa Kinyankole wanaposhukia kunywa. Kwato zao zilikuwa zimeacha mashimo kwenye tope, na kila shimo lilikuwa na maji yake. Kitwitwi alikuwa akiyapitia mashimo hayo moja baada ya jingine, kwa mpangilio, kama karani anayekagua daftari. Anasimama ukingoni, anainamisha shingo, anachomoa kitu kidogo kuliko punje ya mtama, anaendelea. Ng'ombe akisogea, naye anasogea. Hakuna aliyemkaribisha na hakuna aliyemfukuza. Nilipoondoka alikuwa hajamaliza nusu ya ukingo.

Pamoja naye wapo wengine. Yupo kitwitwi mwenye madoadoa meupe mgongoni na miguu ya njano iliyochanganyika na kijani, ambaye hupenda majani mafupi yaliyofurika maji. Wapo buabua wenye mabawa meupe wanaopita juu ya ziwa na kuokota wadudu usoni mwa maji bila kulowana. Hao hao, huko Ghuba ya Lutembe karibu na Entebbe, wamewahi kukusanyika hata wakazidi milioni moja. Wapo mbayuwayu, ambao jioni hushuka kulala kwenye mafunjo. Na mvua ikikatika, jua likachomoza tena kabla ya magharibi, kumbikumbi hupanda kutoka ardhini, na hapo ndipo meza inapokuwa moja. Chini, watoto wanakimbia na mabeseni. Juu yao mbayuwayu wanakata hewa huku na huku, na juu zaidi kozi mdogo aliyezaliwa kwenye msitu wa Ulaya anawakamata kumbikumbi kwa makucha na kuwala hukohuko angani, mabawa yakidondoka moja moja hadi kwenye mabati ya nyumba zetu.

Kwa karne nyingi watu wa kaskazini hawakujua ndege wao huenda wapi baridi ikiingia. Wapo walioamini kwamba mbayuwayu hujizika kwenye tope la maziwa na kulala humo hadi joto lirudi. Jibu moja kubwa lilitoka Afrika, na lilifika kwa namna ya kutisha. Mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz, Ujerumani, aliuawa korongo mweupe aliyekuwa na mshale umemkaa shingoni, mshale wa mti wenye urefu wa sentimita 80 hivi, uliotengenezwa na mikono ya Kiafrika. Alikuwa amepigwa huku, akapona, akaruka nao hadi kwao. Mwili wake umehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Baadaye ikaja kazi ya kuwavisha pete za chuma. Mei 1911, wakili mmoja wa Staffordshire, Uingereza, aitwaye John Masefield, alimvisha mbayuwayu pete mguuni. Desemba 1912 mbayuwayu huyo akapatikana Natal, Afrika Kusini. Tangu hapo hapakuwa na shaka. Ndege ambao Ulaya iliwaita wake walikuwa wakiishi nusu ya maisha yao kwetu.

Naitafakari sana nusu hiyo. Wapo ndege wa matope ambao dume lao, mwezi Mei huko kwao, huota manyoya mapana shingoni, meusi, meupe au mekundu, na kuyatandaza uwanjani mbele ya majike. Wakifika kwetu manyoya hayo yamekwisha kunyonyoka. Dume na jike wote ni kahawia, na tofauti iliyobaki ni ukubwa wa mwili tu. Vitwitwi wanaoimba wakizunguka juu ya vinamasi vya Finland, hapa hulia kilio kifupi cha kushtuka, basi. Anayewaona Nakivale tu atadhani ni ndege wa kawaida wasio na wimbo wala pambo. Anayekuona ugenini anakuona nusu, na Nakivale tunalijua hilo vizuri. Jirani yangu anayepanga foleni ya maji na dumu la njano alikuwa mkuu wa shule huko Kivu. Mama anayeuza sambaza sokoni aliwahi kuongoza kwaya ya watu wengi. Mtu anaposimama kwenye foleni, hayo hayaonekani.

Lakini hapo ndipo ulinganisho unapoishia, na ni lazima uishie hapo. Wanaokuja kutuandika hupenda kusema kwamba wakimbizi ni kama ndege wahamao. Ni maneno mazuri masikioni, lakini yanawadhulumu wote wawili. Kitwitwi hakufukuzwa. Anaijua njia kwa kurithi, na Machi au Aprili ataondoka, arudi kwenye kinamasi alikototolewa au jirani nacho. Safari yake ni mzunguko uliokamilika. Mimi nilikulia Uvira, karibu na mahali mto Ruzizi unapoingia Ziwa Tanganyika, na niliondoka kwa sababu ya bunduki. Sina mwezi wa kurudi ulioandikwa kwenye damu yangu. Makazi ya Nakivale yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi 1960. Wa kwanza walikuwa Wanyarwanda, wakafuata watu wa Kongo, Burundi, Somalia, Ethiopia, Eritrea na Sudan Kusini. Wamo wazee ambao wajukuu wao wamezaliwa hapa. Ndege asiyerudi kwa vizazi vitatu haitwi mhamaji.

Kinachotuunganisha na ndege hawa ni kitu kingine, nacho kinashikika. Ni maji.

Mwaka 2006 Uganda iliandika karatasi mbili ambazo sijaona zikisomwa pamoja, ingawa zote zinahusu ukarimu. Moja ni Sheria ya Wakimbizi ya mwaka huo, iliyompa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kwenda anakotaka ndani ya nchi, sheria iliyokwenda sambamba na desturi ya kumgawia kipande cha ardhi alime. Nyingine ni ya Septemba mwaka huohuo, ambapo ardhi oevu ya maziwa ya Mburo na Nakivale, zaidi ya hekta 26,000, iliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar, ule uliotiwa saini Iran tarehe 2 Februari 1971. Uganda ilikuwa imejiunga na mkataba huo mwaka 1988 kwa kuandikisha Ziwa George, na Novemba 2005 Kampala ilikuwa imepokea mkutano wa tisa wa nchi wanachama. Karatasi ya kwanza ilisema: mtu huyu apewe mahali. Ya pili ilisema: mahali hapa patunzwe kwa ajili ya viumbe wanaokaa na wanaopita. Ziwa Nakivale limo ndani ya zote mbili.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulipewa jembe, na tunashukuru. Ila jembe lina maana kubwa kuliko kulima. Anayeshika jembe ametoka kwenye mkeka wa wageni, ameingia upande wa wenye nyumba, na mwenye nyumba ana mgeni wake pia. Kitwitwi anapotua akiwa amechoka, mafuta ya safari yamemwishia mwilini, hamwoni Mnyankole, Mkongomani wala Msomali. Anaona ukingo: una tope lenye wadudu au hauna, una mafunjo ya kujificha mwewe akipita au umelimwa hadi majini. Hali ya ukingo huo, kwa sehemu kubwa, imo mikononi mwa watu ambao dunia inawaita wageni. Kwa ndege huyu, mkimbizi wa Nakivale ni mwenyeji.

Wapo pia viumbe wasio na safari kabisa. Ndani ya mafunjo anaishi ndege mmoja mwenye mgongo mweusi, kifua chekundu kama damu mbichi, utosi wa manjano na mstari mweupe bawani. Huonekana kwa nadra; husikika. Dume na jike huitikiana kwa haraka, mmoja akianza mwingine akimalizia, hata ukadhani ni sauti moja. Hana makao mengine duniani ila mafunjo ya kandokando ya Ziwa Viktoria na vinamasi vya nchi za jirani. Mafunjo yakikatwa, hana Finland ya kurudi. Na yupo korongo mwenye taji la manyoya ya dhahabu, yule wa kwenye bendera ya Uganda tangu 1962. Anajenga kiota chake kwenye majani ya kinamasi, vinamasi vinakaushwa, makinda yanakamatwa yakauzwe, na tangu 2012 amewekwa kwenye orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani. Nchi inaweza kumbeba ndege kwenye bendera na ikampoteza kwenye kinamasi.

Mzee mmoja mvuvi, mtu wa Vitshumbi kwenye Ziwa Edward upande wa Kongo, alinikuta siku moja nikiwa nimekaa kwenye jiwe na darubini ya kuazima.

"Mwalimu, unachunga nini huku?"

"Ndege, Papa. Hawa wadogo wa kwenye tope."

Akatazama, akatikisa kichwa, kisha akanionyesha upande wa pili wa ghuba ambako mafunjo yalikuwa yamefyekwa na mahindi yamepandwa hadi kwenye maji. "Pale zamani ngege walikuwa wanazalia. Vitoto vya samaki vinajificha kwenye mizizi ya mafunjo. Palipofyekwa, wavu unarudi na maji tu. Hao ndege wako wanajua. Kwenye mahindi hawatui."

Alikuwa amesema kwa maneno machache kile ambacho wataalamu hukielezea kwa kurasa nyingi. Mafunjo huzuia udongo unaoteremka na mvua kutoka vilimani, huchuja maji, hulea samaki. Maji ya ziwa hilihili husafishwa na kusukumwa kwa pampu hadi kwenye mabomba ya makazi. Mtoto anayekunywa maji hayo katika kanda ya Rubondo, samaki anayezaliwa ghubani na kitwitwi anayepumzika ukingoni wanategemea ukanda uleule wa kijani.

Na ukanda huo unapungua kwa sababu zinazoeleweka. Sitawalaumu wanaolima majini. Aprili 2020 mgao wa chakula cha wakimbizi nchini Uganda ulipunguzwa kwa asilimia 30, na Februari 2021 ukapunguzwa tena hadi asilimia 60 ya kiwango kamili. Watu wanaongezeka, viwanja vinagawanywa vikawa vidogo, na udongo wa karibu na maji ndio unaobaki na unyevu mvua zikichelewa. Mama mwenye watoto watano ataupanda. Kuni nazo lazima zitoke mahali, na kilima kilichonyolewa miti hupeleka udongo wake ziwani kila mvua inaponyesha. Ukimwambia mtu mwenye njaa habari za ndege wa Siberia, ana haki ya kukugeuzia mgongo. Lazima uanze na samaki, maji na mahindi yake mwenyewe, ambayo mwaka wa mafuriko huzama.

Wala jambo hili si la kambini peke yake. Mto Rwizi unaanzia kwenye vilima vya Buhweju, unapita katikati ya Mbarara, unaunywesha mji, kisha unaingia kwenye mtandao wa maziwa ya Mburo, Nakivale, Kachera na Kijanebalola hadi Ziwa Viktoria. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinautengea mto kama huu mita 100 kila upande zisiguswe. Simama ukingoni mwake mjini utazame: mashimo ya matofali, marundo ya mchanga unaosubiri lori, migomba iliyoshuka hadi kwenye maji. Mbarara imekuwa jiji tangu Julai 2020, na jiji linajengwa kwa matofali na mchanga. Ila kila tofali linalochimbwa kwenye ukingo wa Rwizi limetolewa kwenye nyumba ya mtu mwingine huko chini, awe na mabawa au awe na kadi ya mgao. Hapo watu wa mjini, ambao hawajawahi kukimbia vita, wana wajibu uleule wa mwenyeji, tena mkubwa zaidi, kwa kuwa wao ndio wenye maji ya juu.

Wasomaji wa pwani wanalijua jambo hili kwa sura nyingine. Katika Hori la Mida, karibu na Watamu, maji yakitoka, ufuko wa matope hujaa vitwitwi wa Siberia, na kati yao husimama ndege mweupe na mweusi mwenye domo nene, mla kaa. Huyo hazaliwi kaskazini kwenye baridi. Hutaga yai lake moja ndani ya shimo alilochimba mchangani, kwenye pwani za Uarabuni na Somalia. Oman nako, kwenye tambarare ya Barr al Hikman, ndege wa matope hukusanyika kwa mamia ya elfu majira hayohayo. Kinamasi cha Finland, ufuko wa Oman, hori la Kenya, ziwa la Isingiro: vyote ni vituo, na ndege hawezi kuruka kituo. Pakiharibika mahali pamoja, safari nzima inaharibika, hata kama kwingine kote pametunzwa vizuri. Ndiyo maana mataifa ya Afrika na Ulaya na Asia yalikubaliana The Hague mwaka 1995 kuhusu ndege wa majini wahamao. Mkubwa hawezi kumwambia mdogo kwamba kipande chake si kitu.

Nakivale imezoea kuhesabiwa kama mzigo: watu wangapi, tani ngapi za unga, fedha kiasi gani zimepungua. Natamani ihesabiwe pia kwa kile inachotoa. Kila Januari, wapenzi wa ndege wa shirika la NatureUganda hushuka kwenye maziwa na vinamasi kuhesabu ndege wa majini, katika kazi inayofanyika nchi nyingi za Afrika kwa wakati mmoja. Vijana wa Juru, Rubondo na Base Camp wanaweza kazi hiyo. Wanajua vichochoro vyote vya ukingo, wanajua viboko wanatokea wapi, na macho yao hayahitaji kufundishwa kuona, yanahitaji tu kuambiwa kwamba wanachokiona kina thamani. Shule zetu zina watoto wanaoweza kutaja mito ya nchi ambazo hawajawahi kuzikanyaga. Wafundishwe pia majina ya wanaowatembelea kila vuli. Wazee wa vitongoji, wenyeji na wakimbizi, wakae pamoja waamue hatua kadhaa za ukingo zisiguswe na jembe, na anayepoteza shamba kwa uamuzi huo apewe jingine juu ya kilima, kwa sababu ukarimu unaomwacha mmoja na njaa haudumu.

Hadhi ya ukimbizi hutolewa na ofisi, na uraia hutolewa na ofisi. Tumesubiri mbele ya milango hiyo kwa miaka, na tutasubiri tena. Lakini kuwa mwenyeji wa kiumbe aliyevuka jangwa ili apate tope la kudonoa ni cheo ambacho mtu hujipa kwa kazi ya mikono yake, leo, akiwa na kadi ya rangi yoyote. Kwa kazi hiyo hatuhitaji kusubiri muhuri wa mtu.